Kompyuta ya mezani iliyozeeka: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliozinduliwa Julai 2015. Kompyuta zinazoutumia hazikuzimika siku hiyo, wala hazikupoteza faili yoyote. Lililobadilika ni kwamba ufa wowote mpya utakaogunduliwa katika mfumo huo hautazibwa tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango maalumu wa muda.

Katika nchi za Afrika Mashariki na Kati uamuzi huo unawagusa watu wengi wasio na habari nao. Katika duka la steshenari ambako mwananchi hujaziwa fomu za eCitizen nchini Kenya, Irembo nchini Rwanda, au maombi ya mkopo wa chuo kikuu nchini Tanzania, kompyuta inayofanya kazi hiyo mara nyingi ni ya mezani, imetumika kwingine kabla ya kufika hapo, na ina umri wa miaka kumi au zaidi. Kupitia kibodi yake hupita namba za vitambulisho, namba za akaunti na nywila za watu ambao hawana njia ya kujua kama mashine hiyo ni salama.

Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu: kuiacha ilivyo, kununua nyingine, au kuifungua na kubadilisha baadhi ya vifaa vyake. Makala hii inaeleza njia ya tatu: kifaa gani huleta nafuu ya kweli, kipi ni hasara tupu, na ni wakati gani busara ni kuiachia mashine ipumzike.

Mashine hizi zinatoka wapi

Makampuni na idara za serikali katika Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Zinazotolewa hununuliwa kwa jumla na wafanyabiashara, hukaguliwa, kisha hupakiwa katika makontena. Nyingi hupitia Dubai, hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka hapo husafiri kwa malori hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ndiyo maana majina yaleyale hukutwa katika kila duka: OptiPlex za Dell, Compaq Elite na EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Ziliundwa kwa ajili ya ofisi. Kasha lake hufunguka kwa urahisi, baadhi bila hata bisibisi, na vifaa vya ndani vimewekwa ili fundi aweze kuvifikia. Sifa hiyo huzifanya zifae kuboreshwa kuliko kompyuta mpakato nyingi za kisasa, ambazo kumbukumbu yake huwa imeunganishwa moja kwa moja na ubao mama na haiwezi kuongezwa.

Kuitambua mashine kabla ya kununua spea

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua kifaa kabla ya kujua kompyuta inakubali nini. Jina lililoandikwa mbele ya kasha halitoshi, na wakati mwingine hupotosha. Dell, kwa mfano, ilitumia jina OptiPlex 7010 kwa mashine ya mwaka 2012, kisha ikalitumia tena kwa mashine tofauti kabisa ya mwaka 2023. Mnunuzi anayeuliza bei ya "7010" bila kutaja zaidi anaweza kuuziwa yoyote kati ya hizo mbili.

Kielelezo cha kuaminika ni namba ya prosesa, yaani kile kichakataji ambacho ndicho kitovu cha kazi zote. Katika prosesa za Intel za jamii ya Core, tarakimu inayofuata kistari huonyesha kizazi. Core i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-4590 ni ya kizazi cha 4, na i5-8500 ni ya kizazi cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10500, mbili za mwanzo ndizo kizazi: hapa ni cha 10. Maneno "i3", "i5" na "i7" peke yake hayaelezi umri. Prosesa ya i3 ya miaka ya karibuni inaweza kuishinda i7 ya mwaka 2011, na muuzaji anayesifia "i7" bila kutaja namba inayofuata hajaeleza jambo la maana.

Hatua ya pili ni kutazama kompyuta inapokwama. Katika Windows, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc hufungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Ikiwa diski inaonyesha asilimia 100 kwa dakika kadhaa wakati hakuna kazi kubwa inayofanyika, tatizo ni diski. Ikiwa kumbukumbu imejaa kila mara kurasa chache za intaneti zinapofunguliwa, tatizo ni RAM. Ikiwa vyote viwili vimetulia na prosesa ndiyo iliyoelemewa, mabadiliko madogo hayatasaidia sana.

Diski ndiyo ya kwanza

Kompyuta nyingi za miaka hiyo zilikuja na diski ngumu ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani za chuma au kioo zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaotembea juu yake kutafuta data. Kila ombi la kusoma faili hulazimika kusubiri mambo mawili: mkono ufike kwenye mstari unaotakiwa, na sahani izunguke hadi sehemu husika ipite chini yake. Kwa pamoja kusubiri huko huchukua takriban milisekunde 13. Kwa hesabu hiyo diski haiwezi kujibu maombi yaliyotawanyika zaidi ya 80 hivi kwa sekunde, na Windows inapowaka huomba maelfu ya faili ndogo ndogo.

Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka. Data imehifadhiwa katika chipu, na hata zile za bei ya chini hujibu maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Tofauti hii huonekana kwa macho. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika mbili au tatu kuwaka, baada ya kubadilishiwa diski huwaka chini ya nusu dakika, ingawa prosesa na RAM ni zilezile. Hakuna kifaa kingine kinacholeta badiliko la kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Karibu kompyuta zote za mezani zilizotengenezwa tangu katikati ya muongo wa 2000 zina soketi za SATA, na SSD ya inchi 2.5 ya aina hiyo huchomekwa palepale ilipokuwa diski ya zamani. Kwa kuwa ni ndogo kuliko diski ya inchi 3.5, hufungwa kwa fremu ya kushikilia. Kasi yake ya juu katika SATA ya kizazi cha tatu ni takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Katika bodi ya zamani zaidi kasi hushuka hadi karibu nusu, lakini faida ya kutosubiri hubaki.

SSD nyembamba za aina ya NVMe, zenye umbo la kipande cha chingamu, zina kasi kubwa zaidi. Hata hivyo ubao mama mwingi wa kabla ya mwaka 2015 hauna tundu lake, na hata ukiwekewa kadi ya kuunganishia, mara nyingi kompyuta haiwezi kuwakia kutoka humo. Kwa mashine ya umri huo SATA ndiyo njia isiyo na mashaka.

Kabla ya kuitoa diski ya zamani, nakala ya faili zote muhimu iwekwe mahali pengine. Kuna programu za kunakili diski nzima, pamoja na mfumo endeshi, kwenda SSD mpya. Diski ya gigabaiti 500 inaweza kuhamishiwa SSD ya gigabaiti 240, mradi data iliyomo isizidi nafasi hiyo. Hata hivyo kwa kompyuta iliyopita mikononi mwa watu wengi, kusakinisha mfumo upya ni salama zaidi, kwani kunakili huhamisha pia virusi vilivyokuwemo.

Sokoni kuna SSD bandia ambazo hujitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyopo. Hukubali faili mpaka chipu halisi ijae, kisha huanza kuandika juu ya zilizotangulia bila kutoa onyo. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huijaza diski na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake. Jaribio hilo lifanyike wakati risiti ingali mkononi. Kwa SSD iliyotumika, CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizofanya kazi na afya iliyobaki.

RAM: kizazi hakichanganywi

RAM ni meza ya kazi ya kompyuta. Ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia shughuli kwenye diski, na hapo ndipo kila kitu hukwama. Gigabaiti 4, zilizotosha mwaka 2012, leo humalizwa na kivinjari chenye kurasa chache. Kwa kazi za ofisi, shule na steshenari gigabaiti 8 zinatosha, na gigabaiti 16 huwafaa wanaohariri picha au kufungua programu nyingi kwa pamoja.

RAM huenda kwa vizazi. DDR3 ilianza mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na DDR5 mwaka 2020. Kila kizazi kina volti zake na pengo lililokatwa mahali tofauti, hivyo kipande cha DDR4 hakiingii katika soketi ya DDR3. Anayekilazimisha huvunja soketi. Kompyuta za Intel za kizazi cha 2 hadi cha 4 hutumia DDR3, na kuanzia kizazi cha 6 nyingi hutumia DDR4.

Mitego mitatu hukutwa sokoni. Wa kwanza ni RAM ya seva, ambayo huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu inatolewa kwa wingi kutoka vituo vya data, na kompyuta ya kawaida ya mezani haiwaki nayo. Wa pili ni vipande vya DDR3 vilivyotengenezwa kwa ajili ya bodi za AMD pekee, ambavyo bodi ya Intel huvikataa. Wa tatu ni umbo: kompyuta za mezani za ukubwa wa kitabu hutumia vipande vifupi vya kompyuta mpakato, si vile virefu. Njia salama ni kuchomoa kipande kilichopo na kwenda nacho dukani, ili maandishi ya lebo yalinganishwe.

Vipande viwili vya gigabaiti 4 kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha gigabaiti 8, kwa kuwa ubao mama husoma njia mbili kwa wakati mmoja. Vipande hivyo viwekwe katika soketi zinazolingana, ambazo watengenezaji wengi huzitofautisha kwa rangi. Mwenye Windows ya biti 32 hatapata faida ya kuzidisha gigabaiti 4, kwa sababu mfumo huo hauwezi kuzitumia, na hana budi kuhamia ule wa biti 64.

Kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za RAM duniani zilipanda kwa kasi. Watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, walielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na chapa yake ya Crucial iliyokuwa ikiwauzia wateja wa kawaida. Kwa hali hiyo RAM iliyotolewa katika kompyuta mbovu ina thamani, na si busara kuitupa pamoja na kasha lake.

Prosesa: faida ndogo, masharti mengi

Prosesa inaweza kubadilishwa katika kompyuta nyingi za mezani, lakini ndani ya mipaka ya soketi na programu ya msingi ya ubao mama, BIOS. Bodi yenye soketi ya LGA 1155 hupokea prosesa za kizazi cha 2, na nyingi hupokea za kizazi cha 3, basi. Ile ya LGA 1150 ni kwa kizazi cha 4 hasa. Soketi ya LGA 1151 imewaponza wengi: umbo ni lilelile, lakini bodi za kizazi cha 6 na cha 7 hazifanyi kazi na prosesa za kizazi cha 8.

Hivyo mwenye OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 anaweza kutoka i3 hadi i5 au i7 ya kizazi cha 4, na hapo ndipo mwisho. Badiliko hilo lina maana kwa anayehariri video au kufanya hesabu nzito. Kwa anayeandika barua na kuchapisha fomu halitaonekana, na fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye diski na RAM.

Umeme, na swichi ndogo ya nyuma

Nchi za eneo hili hutumia umeme wa kati ya volti 220 na 240. Marekani hutumia volti 120. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya kitengo cha umeme, yenye alama za 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa swichi ipo kwenye 115, ikachomekwa ukutani, kitengo cha umeme huungua papo hapo, pengine kwa mlipuko. Swichi hiyo ikaguliwe kabla ya waya kuchomekwa. Vitengo vya kisasa zaidi havina swichi, hujirekebisha vyenyewe, na lebo yake husomeka "100-240V".

Kitengo cha umeme kikifa, si kila kinachouzwa kinaweza kukirithi. Baadhi ya mashine za Dell na HP zilizotoka tangu mwaka 2013 hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 9020 ina ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Kasha dogo nalo halipokei kitengo cha ukubwa wa kawaida. Spea itafutwe kwa namba iliyoandikwa kwenye kile cha zamani.

Suala hilohilo huamua kuhusu kadi ya grafiki. Soketi ya PCI Express hutoa wati zisizozidi 75. Kadi inayohitaji zaidi hudai waya wa ziada kutoka kitengo cha umeme, na vitengo vya makasha madogo, ambavyo vingi ni vya wati 240 hadi 255, havina waya huo. Kwa kazi za kawaida, grafiki iliyomo ndani ya prosesa inatosha.

Palipo na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, UPS hulinda uwekezaji wote huu. Ubora wake upimwe kwa muda inaoweza kubeba kompyuta na skrini, walau dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Mambo madogo yenye matokeo makubwa

Kabla ya kununua chochote, kasha lifunguliwe na vumbi litolewe. Feni iliyozibwa na vumbi huacha prosesa ichemke, nayo hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Mashine inayodhaniwa kuwa imezeeka huweza kurudia mwendo wake kwa brashi laini na hewa ya pampu. Feni ishikiliwe isizunguke wakati wa kupuliza. Krimu iliyoko kati ya prosesa na kipoza joto hukauka kwa miaka, na tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi linatosha.

Kifaa kingine ni betri ya saa, aina ya CR2032, duara kama sarafu. Ikifa, kompyuta husahau tarehe kila inapozimwa. Kwa kuwa tovuti salama hukagua tarehe, kivinjari huanza kukataa kufungua kurasa za benki na za serikali, na mwenye kompyuta hudhani ameingiliwa na virusi. Betri hiyo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa.

Kazi yoyote ya ndani ifanywe waya wa umeme ukiwa umechomolewa, kitufe cha kuwasha kikibonyezwa kwa sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Fundi aguse chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM au prosesa, kwa sababu cheche ya umemetuli, hata isiyohisiwa na mkono, huua chipu.

Mfumo endeshi gani baada ya hapo

Vifaa vipya juu ya mfumo usiolindwa ni kazi nusu. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai gigabaiti 4 za RAM, gigabaiti 64 za diski, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo, isipokuwa wachache, huanzia kizazi cha 8. Kuongeza RAM na SSD hakuigeuzi mashine ya kizazi cha 4 kuwa inayokubalika. Zipo mbinu za kuruka ukaguzi huo, na mafundi wengi huzitumia, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho.

Kwa watu binafsi Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Taasisi zinaweza kulipia kwa miaka mitatu, na shule zenye mikataba ya leseni za elimu zilipangiwa dola 1 ya Marekani kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Wakuu wa shule wenye maabara ya kompyuta wana sababu ya kuuliza kuhusu bei hiyo kabla ya kuamua kuzibadilisha zote.

Njia nyingine ni Linux, mfumo wa bure ambao masasisho yake hayategemei umri wa prosesa kwa ukali huo. Linux Mint na Ubuntu hufanya kazi vyema kwenye mashine ya kizazi cha 3 yenye gigabaiti 8 na SSD. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili, na hivyo hoja kwamba programu huru ni ngeni kwa wazungumzaji wa lugha hii haina mashiko. Kikwazo ni programu zilizoundwa kwa Windows pekee, kama baadhi za uhasibu, na printa chache zisizo na viendeshi vya Linux. Linux inaweza kuwashwa kutoka flashi bila kufuta kitu, ikajaribiwa pamoja na printa, ndipo uamuzi ufanywe.

Diski iliyotolewa bado inazungumza

Diski ya zamani inapowekwa pembeni, yaliyomo hubaki. Kufuta faili, hata kumwaga pipa la taka, huondoa jina tu katika orodha, na programu za kurejesha faili hupatikana bure. Diski ya steshenari inaweza kuwa na vyeti, pasipoti na mikataba ya mamia ya watu.

Nchi kadhaa sasa zinaliona jambo hilo kuwa la kisheria. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliweka vifungu vya namna hiyo katika Kanuni zake za Kidijitali za mwaka 2023. Diski ya kuzunguka inayouzwa au kutolewa zawadi iandikwe upya yote, si kufanyiwa fomati ya haraka. Iliyokufa ivunjwe sahani zake.

Mabaki mengine yana hatari yake. Bodi na vitengo vya umeme vina risasi na kemikali ambazo, zikichomwa jalalani ili kupata shaba, huingia katika hewa na maji. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki ilikadiria kuwa tani milioni 62 zilizalishwa duniani mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za aina hii zisivushwe mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Katika eneo hili vipo vituo vinavyozipokea, vikiwemo WEEE Centre jijini Nairobi na kiwanda cha Enviroserve wilayani Bugesera, Rwanda.

Hesabu ya mwisho

Mpangilio wa kazi ni huu: kusafisha na kubadilisha betri ya saa, kisha SSD, kisha RAM hadi gigabaiti 8, kisha mfumo endeshi unaopata masasisho. Prosesa na kadi ya grafiki hufuata pale tu kazi inapozidai.

Kabla ya kulipa, jumla ya bei za spea ilinganishwe na bei ya kompyuta iliyotumika ya kizazi cha 8 katika soko la mji husika, kwa mfano OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, ambazo hupokea Windows 11 bila mbinu. Spea zikifikia zaidi ya nusu ya bei hiyo, na mwenye mashine analazimika kubaki na Windows, kununua nyingine ni nafuu. SSD iliyokwisha kununuliwa haitapotea, kwani itahamia katika mashine mpya ikiwa na kila kitu chake. Mashine yenye prosesa ya zamani kuliko Core i, kama vile Core 2 Duo, haifai kugharamiwa. Toleo la Windows 11 la mwaka 2024 haliwaki kabisa juu yake, na umeme inaokula hautoshani na kazi inayofanya.

Kwa iliyobaki katikati, ya kizazi cha 3 hadi cha 7, SSD, RAM na Linux huweza kuipa miaka mingine ya kazi katika darasa, zahanati au duka la steshenari. Sharti ni kwamba anayeikalia, na anayemsomea namba yake ya kitambulisho upande wa pili wa kaunta, wote wawili wawe wanalindwa na mfumo ambao bado unapata masasisho.